Punda Kwenye Kitabu cha Matukio

Watu wakinisikia nikiimba kantri, ule muziki wa Wamarekani wa mashambani, hudhani nimewahi kupoteza shamba. Sauti yangu ndiyo inayowadanganya. Ni sauti ya mtu aliyeachwa na mke, akauza ng'ombe, kisha akanyeshewa akielekea stesheni. Ukweli ni kwamba sijawahi kuwa na shamba la kupoteza, gari-moshi nilipanda nikiwa nimeshapita miaka thelathini, na mke wangu yuko jikoni wakati huu naandika, anaponda viazi na kunikumbusha kwamba wimbo haupasui kuni.

Kwetu ni Kinangop, na mtu wa Kinangop haulizi kwa nini Mkenya aimbe kantri. Kule kuna ukungu, kabichi, ng'ombe wa maziwa, na wazee wenye makoti mazito na kofia za ukingo mpana ambao Jumapili huinamia redio kama watu wanaosubiri matokeo ya kura. Baba alikuwa mmoja wao. Nyimbo zikianza, hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Kiingereza chake kilikuwa cha kutosha kubishana na karani wa kituo cha maziwa, si zaidi, lakini alijua barabara ni wimbo upi wa talaka na upi wa msiba. "Sikiliza hilo gita," aliniambia siku moja, "hapo mtu ameshazikwa."

Nikajifunza gita. Nikawa naitwa harusini na matangani kuimba zile zile za redio, kwa kupitishia sauti puani, na watu walinipigia makofi kwa kuwa nilikuwa nafanana na kitu wanachokijua. Siku moja nikamwimbia baba wimbo mzima uani, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukosea noti. Alikuwa amesimama, kamba ya punda mkononi. Nilipomaliza akasema, "Huo redio inao. Siku utakapokuwa na wako, niite, nitakaa chini nisikilize." Kisha akaenda zake kupakia mikebe ya maziwa.

Wanaoniuliza leo kwa nini nilihangaika na muziki miaka yote hiyo huwapa majibu marefu kuhusu sanaa na nafsi. Jibu fupi ni hilo. Nilitaka baba akae chini.

Nilifika Doha kama mlinzi, wakati Lusail ilikuwa bado ni vumbi na kreni, na dereva akikuonyesha mji huo ilibidi umwamini tu. Gita nililibeba ndani ya blanketi. Chumba chetu cha kambi kilikuwa na vitanda vya juu na chini, watu wanane, na kiyoyozi kilichokuwa kikivuma noti moja kuanzia Januari hadi Desemba. Sikuwa na mashine ya kutunia gita, basi nikawa natunia kwa kiyoyozi. Hadi leo nyimbo zangu za mwanzo zote ziko chini kidogo ya pale zinapotakiwa kuwa, na mafundi wa studio wakiniuliza sababu, huwaambia ni mtindo.

Nilikuwa msanii wa kujitegemea. Maana yake ni kwamba sikupata wa kumtegemea. Nilirekodi kwa simu nikiwa nimejifungia kwenye kabati la nguo, kichwa kati ya mashati ya wenzangu, na hata hivyo kila rekodi ina sauti ya mtu akikaanga vitunguu. Siku za Ijumaa, ambayo kule ndiyo Jumapili ya Wakristo, tukitoka kanisani Wakenya tulikaa pamoja kula chapati, nami nilitoa gita. Nikisema, "Huu ni wangu mwenyewe," watu walianza kutafuta viatu vyao.

"Buda, wacha hiyo. Piga ile ya treni!" walinipigia kelele.

Nikapiga ile ya treni. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwetu hata ukitunzwa ni kwa ngoma ya mwingine.

Sasa kazi. Nililinda ukumbi wa jengo moja refu la ofisi pale Al Sadd, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mlinzi hakai. Mlinzi hasomi gazeti. Mlinzi hashiki simu, na akionekana nayo ni barua ya onyo. Kitu pekee cha karatasi nilichoruhusiwa kugusa kilikuwa kitabu cha matukio, ambacho walinzi wote niliowahi kufanya nao kazi hukiita OB. Unaandika saa, unaandika tukio: lori la maji limefika, lifti ya pili imekwama, mwanamke ameacha mwavuli. Kando kuna safu pana ya maelezo ambayo siku nyingi hubaki tupu, kwa kuwa mwavuli hauna maelezo.

Mtu akisimama kwa saa kumi na mbili akitazama mlango wa kioo, nyimbo humjia atake asitake. Zilinijia, na zikiniacha hazirudi. Kwa hiyo nikaanza kuziandika pale pale, kwenye safu ya maelezo, kwa Kiswahili. Matukio niliyaandika kwa Kiingereza kama sheria ilivyotaka. Msimamizi wetu, mtu wa Kerala mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, alipita mara moja kwa wiki na gari dogo la kampuni. Alifungua kitabu, akatazama mstari wa mwisho wa kila siku, akatia sahihi kwa kalamu ya kijani, akaondoka. Mara moja aliona kurasa zangu zilivyojaa, akaniambia mbele ya wenzangu kwamba huyu ndiye mlinzi anayejua kuandika ripoti. Nikapewa cheti cha mlinzi bora wa mwezi. Nilikibandika juu ya kitanda, na hakuna tuzo ya muziki niliyopata baadaye iliyonipa raha kama ile, kwanza kwa sababu sikupata nyingine.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Sheria ilisema mlinzi wa usiku akiingia zamu asome yote yaliyoandikwa na wa mchana, kisha afunge siku kwa mstari wake na sahihi. Na aliyekuwa akinipokea jioni alikuwa Mganda, mwanajeshi mstaafu, Mwislamu wa swala tano, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko sakafu ya ukumbi. Nilimwita afande. Kiswahili alikijifunza jeshini na kukisoma alikisoma kama amri. Hakuruka hata herufi. Alisimama wima, kitabu kimelala kwenye viganja, akasoma shairi langu la farasi kuanzia juu hadi chini huku midomo ikicheza, nami nikisubiri na begi begani kama mtoto anayesubiri daftari lirudi.

Kisha akaandika kwa Kiingereza: *Imesomwa. Hakuna cha kuripoti.* Na sahihi.

Siku ya kwanza nilidhani ni utaratibu tu. Siku ya kumi nikaanza kuumia. Niliandika farasi mweusi anayekimbia mbele ya mvua: hakuna cha kuripoti. Niliandika mjane anayesubiri treni ambayo reli yake imeng'olewa: hakuna cha kuripoti. Nikaandika beti saba za mchunga ng'ombe anayekufa jangwani na kumwachia farasi kofia yake. Nililia nikiziandika hizo, nasema kweli, ilibidi nijifanye nina mafua mbele ya watu wa lifti. Afande akazisoma, akashusha pumzi, akaandika yale yale.

"Afande," nikamwambia, "hata neno moja zuri huna?"

Akafunga kitabu. "Ssebo," akasema, yaani bwana kwa Kiganda, "mimi nitakuuliza kitu. Hii farasi yako."

"Ndiyo."

"Nimesoma yeye miezi mitatu. Anakimbia, anakimbia. Hajakula. Hajakunya hata siku moja. Farasi gani haina mavi?"

"Ni sanaa, afande."

"Umeshika farasi wewe?"

Nikasema sijashika.

"Nyumbani kwenu kuna mnyama gani?"

Hapo nikajifanya narekebisha begi, kwa sababu jibu lilikuwa punda, na hakuna mtu aliyeanza kuimba kantri ili aimbe punda. Punda wetu alikuwa wa kijivu, tumbo kubwa, sikio moja limepasuka tangu alipobishana na uzio wa seng'enge. Wasemao asante ya punda ni mateke hawakumjua. Maisha yake yote alimpiga teke mtu mmoja tu, mhubiri, na hata baba alisema mahubiri yalikuwa yamepita saa. Kila asubuhi alibeba mikebe ya maziwa hadi kituoni, akarudi na mikebe mitupu, akasimama mlangoni mwa zizi hadi afunguliwe. Mimi nilisoma kwa maziwa aliyobeba. Nilipokwenda kupanda basi la Nairobi, gita na sanduku langu alivibeba yeye hadi barabarani. Na katika nyimbo zangu zote nilikuwa nimemvisha ngozi nyeusi na kumwita farasi, maana niliona haya.

"Ng'ombe," nikamjibu afande.

Akanitazama kama mtu anayejua kitambulisho ni cha bandia lakini hana ushahidi.

Mwaka ukapita hivyo. Nikirudi likizo ningemwambia nini baba? Kwenye simu alikuwa akiniuliza mara moja moja, bila kukaza, "Na wako, umefika wapi?" nami nikisema uko njiani. Nilianza kuamini kwamba mimi ni mtu wa kuimba ya redio tu, na kwamba kiti cha baba kitabaki ukutani bila kukaliwa. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyomwonyesha mtu yeyote pale kambini.

Kisha asubuhi moja simu ikatetemeka ndani ya soksi yangu. Soksi ndiyo ilikuwa mfuko wetu wa siri. Nikachungulia: baba. Baba hapigi simu asubuhi, asubuhi ni ya ng'ombe. Nikajiingiza kwenye stoo ya wafagiaji, kati ya ndoo na mafagio, nikapokea.

"Punda amekufa," akasema.

Nikasema pole. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nizaliwe, na nilichelewa kuelewa ni nini. Baba alikuwa analia. Alilia kama mtu asiye na mazoezi, kwa mikoromo, akisimama na kuanza upya. Nami nimeegemea ufagio, nimevaa kofia ya kampuni. Akaniambia ilivyokuwa, kwa maneno machache, kisha akasema ana kazi, akakata.

Nikarudi kusimama kwenye kioo changu. Sikuhisi wimbo wowote unakuja. Nilichohisi ni kwamba kuna jambo limetokea kwenye zamu yangu, na mlinzi jambo likitokea huandika. Nikafungua kitabu. Mkono wenyewe ukaandika, bila farasi, bila jangwa:

*Saa nne na dakika kumi. Baba amepiga simu. Punda amekufa.*
*Alipeleka maziwa kituoni. Akarudi na mikebe.*
*Hakusimama mlangoni. Alilala.*
*Mavi yake bado yako njiani, hayajakauka.*
*Baba amefungua mikebe, ameiosha, ameianika.*
*Kesho maziwa atabeba yeye.*
*Mzigo ulifika. Punda amelala.*

Jioni afande akaja. Akasoma wima kama kawaida. Akafika mwisho, akarudi juu. Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mavi, kikakaa hapo. Nilisubiri ile sentensi yake, na siku hiyo kwa kweli ningempiga na kitabu. Akachukua kalamu, akaandika kitu, akatia sahihi, akaniambia, "Pole, ssebo. Nenda upumzike." Nilikuwa nimechoka hata sikutazama.

Kesho yake saa tatu gari dogo la kampuni lilipanda ukingo wa barabara. Haikuwa siku yake. Msimamizi akaingia mbio, masharubu hayajachanwa, na nyuma yake afande, aliyetolewa kitandani lakini viatu vinang'aa. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo mwaka mzima sikulijua. Siku iliyofungwa kwa "hakuna cha kuripoti" huwa haisomwi na mtu. Siku isiyo na maneno hayo, mlinzi wa usiku lazima aipigie ofisi simu, na ofisi lazima ije. Yale maneno niliyoyaona matusi yalikuwa ndiyo paa langu. Na jana yake afande alikuwa ameandika: *Imesomwa. Tukio moja. Tazama maelezo.*

"Tukio gani?" msimamizi akauliza. Alikuwa amefungua kitabu na kuyaona maelezo, ila yalikuwa ya Kiswahili. Kunipa mimi nijitafsirie hakutaka. Akamgeukia afande. "Soma."

Afande akasimama sawasawa, kidevu juu, akatafsiri kwa sauti ya gwaride. "Saa nne na dakika kumi. Punda amekufa, sir."

"Punda!" Msimamizi akashika redio yake. "Orofa gani?"

"Hakuna orofa, sir."

"Kwenye maegesho? Nani alimruhusu kuingia? Alisajiliwa mlangoni?"

"Sir, punda yuko Kenya."

Nimefanya maonyesho mengi tangu siku hiyo, na sijawahi kupata ukimya mzuri kama ule. Mtu wa lifti alitoka, akatuona, akarudi ndani ya lifti.

"Endelea," msimamizi akasema polepole.

Afande akaendelea. Simu ya baba aliyokuwa ameiruka, mikebe, mlango wa zizi, mavi, baba kuosha na kuanika. Alitafsiri kila kitu vile vile, bila kuongeza chumvi, kwa Kiingereza cha jeshi, na alipofika "kesho maziwa atabeba yeye" sauti yake ya gwaride ikapungua kidogo, akakohoa, akamalizia. Nilikuwa natazama sakafu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nayasikia maneno yangu nikiwa msikilizaji, na nilijua pale pale kwamba ule ndio wimbo. Nilitaka kuimba na nilitaka kukimbia.

Msimamizi akafungua kurasa za nyuma. Mwaka mzima wa maelezo. "Na hizi zote?"

"Farasi, sir," akasema afande. "Zote za uongo. Ndiyo maana niliandika hakuna cha kuripoti."

"Na jana kwa nini hukuandika hivyo?"

"Kwa sababu jana kilikuwepo, sir."

Msimamizi akavuta kiti cha mapokezi, kile ambacho hatukuruhusiwa kukikalia, akakikalia yeye. Akatoa fomu. Kosa, akasema, si punda. Kosa ni kwamba nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye kitabu cha kampuni, kwamba nilipokea simu nikiwa zamuni. Katika miaka yake yote ya usimamizi hajawahi kuona mlinzi anayejishtaki na kutaja dakika. Akaandika, akaandika. Halafu, bila kuinua kichwa, akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, sir."

Akatikisa kichwa, akaandika na hiyo. Mahali pake kwenye fomu sipajui hadi leo.

Nilipewa barua ya onyo na kuhamishwa, nikapelekwa kulinda lango la shamba moja kule Umm Salal. Cheti nilinyang'anywa. Na shambani huko, kama mzaha wa Mungu, kulikuwa na farasi, weupe, wanne, wenye nywele zilizosukwa vizuri kuliko za dada zangu. Asubuhi ya kwanza mmoja alileta pua kwenye dirisha la kibanda changu akapiga chafya. Mimi, mwimbaji wa farasi, nilitoka kwa mlango wa pili na kuacha kofia. Wao hula, wao hunya, na kwa wingi. Afande alikuwa na haki.

Wiki hiyo nilitia sauti kwenye yale maneno. Sikubadilisha mengi, ila niliongeza mstari wa sikio lililopasuka. Saa na dakika niliziacha ndani, zikakaa vizuri kwenye gita. Wenzangu wa chumba walikubali kuzima jiko. Kiyoyozi hakikukubali, kikavuma noti yake, nikaimba juu yake.

Ijumaa, baada ya kanisa, watu wakila chapati, nilijitenga nyuma ya basi lililotuleta, nikampigia baba.

"Baba, nina wimbo," nikasema. "Wangu."

Nikasikia miguu ya kiti ikiburutwa sakafuni, kisha mbao zikilia chini ya uzito wake. "Haya," akasema.

Nikaegemeza simu kwenye gurudumu la basi, nikaimba wimbo mzima. Nilipomaliza nikachukua simu, nikaiweka sikioni.

"Umesema sikio lililopasuka ni la kulia," baba akasema. "Lilikuwa la kushoto."

"Nitarekebisha, baba."

"Rekebisha sasa hivi uanze tena," akasema. "Ila ngoja kwanza. Mama yako alikuwa nje, anatafuta kiti."